GARI LAKO NI AMANA: NENO KWA KIJANA ANAYEANZA KAZI YA BARABARA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

HUTUBA YA KWANZA

Sifa zote njema ni za Allah, Bwana wa viumbe vyote, aliyetutengenezea ardhi tupate kutembea katika pande zake na kula katika riziki yake. Rehema na amani zimfikie bwana wetu Mtume Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake, na kila mwenye kufuata njia yake hadi Siku ya Malipo.

Ama baad. Enyi waumini, najiusia mimi mwenyewe kwanza, kisha nawausia ninyi, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa wazi, tukiwa msikitini na tukiwa barabarani.

Ndugu zangu waislamu, katika Sura ya al-Jumu'a, aya ya 9 na ya 10, Mwenyezi Mungu anatuamuru tuache biashara pale tunapoitwa kwa swala ya leo. Kisha anatuamuru kwamba swala ikiisha tutawanyike katika ardhi, tutafute fadhila zake, na tumkumbuke sana. Angalieni vizuri: amri ya kumkumbuka imewekwa pamoja na amri ya kwenda kutafuta. Basi mwenye kutoka hapa akapanda gari lake kwenda Kasumbalesa au Kolwezi bado yumo ndani ya amri ya Mola wake. Hajatoka katika dini kwa kuwa ametoka msikitini.

Leo tunasema na kijana mmoja ambaye wengi wetu tunamjua, kwa maana yuko katika kila mtaa wa Lubumbashi, na Likasi, na Kolwezi. Alianza kazi akiwa konvoyeri, analala juu ya mizigo, anaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Akajifunza, akapata permi, akaendesha gari la mtu mwingine miaka kadhaa. Sasa moyo wake unamwambia: na mimi ninunue gari langu, nijitegemee. Tunasema naye, na tunasema pia na baba yake, na mama yake, na mke wake, na tajiri wa mtaa anayeombwa fedha. Kila mmoja ana sehemu yake katika jambo hili.

Ewe kijana, nia yako ni njema. Kabla ya utume, Bwana wetu Muhammad (s.a.w.) alifanya kazi iliyo karibu sana na hiyo unayoitaka. Alipokuwa na umri wa miaka ipatayo 25, aliongoza mali ya Bibi Khadija (r.a.) katika msafara kwenda Sham. Mali haikuwa yake. Njia ilikuwa ndefu, jua kali, na mwenye mali hakuwapo kumwangalia. Akaenda, akauza, akarudi na hesabu iliyo safi na faida nzuri. Watu wa Makka walikuwa wakimwita al-Amin, mwaminifu. Ngamia wa siku zile ndio makamioni ya leo, na njia ya Sham kwako ndiyo njia ya kutoka Kolwezi hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 2000, mwenye mzigo akiwa amekaa ofisini kwake na wewe uko peke yako na Mungu wako.

Lakini kuna jambo moja ambalo ni lazima tuliseme wazi, kwa sababu limeharibu vijana wengi. MADHAMBI YA BARABARANI YANAANZA KABLA GARI HALIJAWASHWA. Yanaanza siku ile ya kutafuta fedha ya kulinunua. Kijana anakopa kwa riba. Riba inamdai kila mwezi, gari likitembea au lisipotembea. Ili alipe, anabeba tani zaidi ya uwezo wa gari. Ili alipe, hafanyi matengenezo ya freni. Ili alipe, anaendesha usiku kucha bila kulala. Ili alipe, anakubali mzigo wa haramu. Kisha siku moja, kwenye mteremko, anaua watu, na watu wanasema: ni ajali, ni mapenzi ya Mungu. Ndugu zangu, kila kitu ni kwa kadari ya Mungu. Lakini na mnyororo huu tuliufunga kwa mikono yetu wenyewe, na tutaulizwa juu yake.

Basi tuuangalie mnyororo huo, pingili moja baada ya nyingine, ili kijana wetu aanze kwa usalama.

1. FEDHA YA KUNUNULIA GARI

Katika Sura ya al-Baqara, kuanzia aya ya 275 hadi ya 279, Mwenyezi Mungu amehalalisha biashara na ameharamisha riba, na amewatangazia vita wale wasioiacha. Kila mmoja wetu anaijua ile mikopo ya mtaani inayoitwa banki lamberi: unachukua dola 1000 leo, na mwezi ukiisha unadaiwa 1300 au 1500, na usipolipa, nyongeza inazaa nyongeza nyingine. Hiyo ni riba isiyo na shaka, hata kama anayekukopesha ni rafiki yako na anakuchekea.

Tazama pia hatari yake ya kidunia. Mwezi wa Agosti 2024, Zambia ilifunga mpaka wa Kasumbalesa, na wa Mokambo, na wa Sakania, kwa sababu ya ugomvi wa biashara. Zilikuwa siku chache tu, lakini magari yalisimama. Mwezi wa Februari 2025 serikali yetu ilisimamisha kobalti isitoke nchini kwa miezi minne, kisha ikaongeza muda. Mwenye gari asiye na deni la riba alisubiri kwa subira, akatafuta mzigo wa unga au wa simenti. Mwenye deni la riba hakuwa na nafasi ya kusubiri, kwa maana gari lilisimama lakini riba haikusimama.

Utauliza: basi nianze vipi, nami sina kitu? Dini yetu haikukufungia mlango. Iko milango mingi ya halali:

(a) Ushirika. Tuseme gari linauzwa dola 20000. Wewe umeweka akiba dola 8000, na mzee mmoja wa jamaa anatoa 12000. Gari ni lenu wote wawili, wewe sehemu 40 na yeye sehemu 60 katika mia. Wewe unaendesha, na kwa kazi hiyo unapata mshahara mnaokubaliana mwanzo. Faida inayobaki mnagawana kwa kiasi mlichopatana. Hasara ikija bila uzembe wa mtu, kila mmoja anaibeba kwa kiasi cha mtaji wake. Kisha, mwaka hadi mwaka, unanunua sehemu ya mwenzako kidogo kidogo kwa bei mnayopatana, mpaka gari linakuwa lako peke yako.

(b) Kununua kwa kulipa pole pole. Mwenye gari anakuuzia kwa bei moja inayojulikana tangu siku ya kwanza, hata kama ni juu kidogo ya bei ya taslimu, na unalipa kwa miezi. Wanazuoni wengi wameruhusu jambo hili, kwa sharti kwamba ukichelewa, bei haiongezeki.

(c) Likelemba. Madereva kumi wanaoaminiana wanatoa kila mwezi kiasi kilekile, na kila mwezi mmoja anapokea yote. Hakuna nyongeza, hakuna dhuluma. Hapo unaweza kupata gari dogo la kuanzia, lile la tani chache, la kubebea mchanga na matofali ndani ya mji.

(d) Subira. Kuendelea kuendesha gari la mtu mwingine kwa uaminifu miaka miwili zaidi ni bora kuliko kuingia vitani na Mola wako.

2. ANDIKENI, NA HESABUNI

Aya ndefu kuliko zote katika Kurani ni aya ya 282 ya Sura ya al-Baqara, na maneno yake ni juu ya kuandika deni na kuweka mashahidi. Wako wanaosema: huyu ni mjomba wangu, nitamwandikisha vipi, ataona simwamini. Ndugu yangu, Mungu aliyewaumba ninyi wawili anajua kwamba mtu husahau, na kwamba mtu hufa. Mkiandika, mjomba anabaki mjomba. Andikeni: nani ametoa nini, gari lina jina la nani kwenye karte rozi, nani analipa mapiesi, faida inagawanywaje, na mmoja akifa, warithi wake wanapata nini. Leteni mashahidi wawili waadilifu. Ugomvi mwingi unaoletwa kwa maimamu wetu ungekwisha kama ungekuwapo ukurasa mmoja wa daftari.

Kisha jua hesabu ya gari. Kijana anapata dola 900 za safari moja, anadhani ametajirika. Ndani ya fedha hizo kuna mazutu, kuna peaje ya kwenda na ya kurudi, kuna asiransi, kuna konvoyeri, kuna mafuta ya injini, kuna mipira ya magurudumu ambayo inakwisha kila siku hata kama huioni. Kinachobaki baada ya yote hayo ndicho chako. Tenga fedha ya matengenezo kwanza, iweke mahali ambapo huishiki ovyo. Sura ya al-Furqan, aya ya 67, inawasifu waja wa Mungu kwa kuwa wanapotoa hawafanyi israfu wala ubahili, wanakaa katikati. Gari la kwanza halipendi bwana arusi. Lisubiri lizae kabla hujalifanyia karamu.

Tena usinunue kwa macho ya nje tu. Peleka fundi unayemwamini, aangalie freni, na chasi, na injini. Magari mengi yanayofika kwetu kwa njia ya Dar es Salaam yana usukani wa kuume, kwa sababu Tanzania na Zambia wanashika kushoto, na sisi Kongo tunashika kulia. Shofere wa gari kama hilo, akitaka kupita gari jingine katika barabara yetu, haoni vizuri anayekuja mbele yake. Kijana asiyezoea ajifunze hilo kwanza, na mahali pasipoonekana asubiri. Mtu mmoja alimwuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Mungu, naye akamfundisha amfunge kisha ategemee. Kukagua freni asubuhi ndiko kumfunga ngamia.

3. MZIGO ULIOMO GARINI

Sura ya an-Nisa, aya ya 58, inatuamuru turudishe amana kwa wenyewe. Mzigo wa mtu ni amana tangu unapofunga turubai mpaka unaposhushwa na kuhesabiwa. Kuna mchezo unaojulikana: mifuko mitatu ya unga inauzwa njiani na kusemwa kwamba imepasuka, mazutu yanatolewa kwenye tangi na kuuzwa kwa watoto wanaosimama kando na madumu, vipande vya shaba vinashushwa usiku, na muhuri unarudishwa mahali pake. Wanaofanya hivyo husema: tajiri hatahisi. Ewe kijana, unaijua Sura ya al-Mutaffifin, inayowaonya kwa ukali wanaopunguza vipimo. Hawakuonywa kwa sababu tajiri amehisi. Wameonywa kwa sababu iko siku ya kusimama mbele ya Bwana wa viumbe.

Na mzigo wenyewe uwe halali. Hapa najua kwamba nagusa mahali penye maumivu. Katika miji yetu, kazi ambayo haikatiki mwaka mzima ni kubeba pombe kutoka kiwandani kwenda kwenye madepo. Komisioneri anamwambia kijana: chukua kontra hii, gari lako halitalala hata siku moja. Ni kweli, halitalala. Lakini Mtume (s.a.w.) aliwalaani watu kumi kwa sababu ya pombe, na katika hao kumi yumo anayeibeba na yumo anayebebewa. Hakusema mnywaji peke yake. Anayesema: mimi sinywi, ninaendesha tu, ajue kwamba huyo anayeendesha ametajwa. Basi mwambie komisioneri hapana, kwa adabu, na tafuta unga wa mahindi, simenti, mchanga, makala, chumvi, chokaa, vifaa vya ujenzi. Fedha itakuwa ndogo mwanzoni. Lakini mtoto wako atakula isiyo na laana.

4. UZITO, USINGIZI, NA ROHO ZA WATU

Mtume (s.a.w.) aliingia siku moja katika shamba la mtu wa Ansari, akakuta ngamia ambaye alipomwona alilia, machozi yakamtoka. Mtume akampangusa, kisha akamwita mwenyewe, akamwonya amche Mungu juu ya mnyama huyo, kwa kuwa alikuwa akimtia njaa na kumchosha kwa kazi. Hayo yalikuwa juu ya mnyama mmoja. Basi itakuwaje juu ya gari la tani kumi lililopakiwa tani kumi na tano, na juu ya mifuko ya makala wamekaa mama wenye watoto, na vijana wameshikilia kamba, kwa kuwa shofere ametaka nauli kidogo ya kando? Gari halitoi machozi. Linakata freni.

Mmesahau yaliyotokea Sange? Tarehe 2 Julai 2010, katika bonde la Ruzizi upande wa Uvira, gari la mafuta lilipinduka katikati ya kijiji. Mafuta yakamwagika, watu wakakaribia, moto ukawaka, na zaidi ya watu 200 wakafa. Na hapa kwetu, kwenye njia ya Kolwezi, mwezi wa Februari 2019, gari lililobeba asidi lilipata ajali karibu na kijiji cha Kabwe, na asidi ikawamwagikia wasafiri, wakafa watu wapatao 20. Mwenyezi Mungu awarehemu wote. Sisemi neno juu ya mashofere wale. Hesabu yao iko kwa Mola wao. Nasema kwamba anayebeba mafuta au asidi amebeba kijiji kizima mgongoni. Nanyi mnaokaa kando ya barabara, gari likipinduka, msikimbilie na madumu. Mafuta yale yana mwenyewe, na yana moto ndani yake. Kimbilieni kumwokoa shofere.

Juu ya usingizi: Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba mtu anayesinzia katika swala aende alale mpaka usingizi umtoke, kwa maana huenda akajiombea mabaya bila kujua. Kama anayeswali anaambiwa alale, je, anayeshika usukani? Alifundisha pia kwamba wasafiri wakipumzika usiku wajiepushe na njia yenyewe. Basi toa gari nje ya barabara kabisa. Na likikufia barabarani, weka alama mbali, mbele na nyuma. Kisha likipona, OKOTA MAWE YAKO. Tumezoea kuweka mawe na matawi, na gari likitengenezwa tunaondoka na kuyaacha palepale. Usiku anakuja kijana wa pikipiki na abiria wake, wanakufa kwa ajili ya jiwe ambalo hakuna aliyeinama kuliokota. Kuondoa chenye madhara njiani ni tawi katika matawi ya imani, kama alivyofundisha Mtume (s.a.w.). Na kukiweka na kukiacha tuite nini?

Jua pia hukumu hii, kwa maana wengi hawaijui. Sura ya an-Nisa, aya ya 92, inaeleza aliyemwua muumini kwa kukosea, bila kukusudia. Juu yake kuna diya kwa watu wa marehemu, ila wakisamehe, na kuna kafara: kumwacha huru mtumwa muumini, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo. Shofere aliyeua mtu kwa kosa lake, kwa mwendo mbaya au freni alizojua ni mbovu, hajamaliza jambo kwa kulipa faini polisi na kununua sanduku la maiti. Aende kwa wenye elimu, aulize, na alipe haki ya Mungu na haki ya watu.

5. VIZUIZI NA RUSHWA

Tunajua trakaseri za barabara zetu. Kila kizuizi kina mkono ulionyoshwa. Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji rushwa. Tofautisha mambo mawili. Wa kwanza ana permi, ana asiransi, ana kontrole tekniki, mzigo wake umo katika kipimo, na bado amezuiwa kwa dhuluma mpaka atoe kitu. Huyu wanazuoni wengi wamesema kwamba dhambi ni ya anayemnyang'anya, naye ajaribu kwanza njia ya maneno mazuri na ya subira. Wa pili hana asiransi, au amezidisha tani, au taa hazifanyi kazi, naye anatoa franga ili afumbiwe macho. Huyu asijiite mdhulumiwa. Amenunua ruhusa ya kuhatarisha roho za watu. Basi timiza karatasi zako zote, na fungu la tatu la woga wako barabarani litakwisha.

Nasema maneno haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi na ninyi. Mwombeni msamaha, hakika yeye ni Mwingi wa kusamehe.

HUTUBA YA PILI

Sifa njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wake. Enyi waumini, mcheni Mungu.

Tumesema na kijana. Sasa tuseme na sisi wengine.

Enyi wenye mali. Kijana wetu akiingia kwa wala riba, na sisi tumechangia, ikiwa alikuja kwetu tukamfungia mlango. Kuna mzee ambaye fedha yake imelala ndani ya sanduku, na kijana wa jirani yake, mswalihina, anayejua kazi, anazunguka mjini akitafuta mtaji. Kaeni pamoja, wazee watatu au wanne, mshirikiane naye katika gari moja kwa maandishi. Mkiona hasara inampata bila kosa lake, kumbukeni aya ya 280 ya al-Baqara: mwenye deni akiwa katika shida, apewe muda mpaka apate, na kumsamehe ni heri zaidi. Msimpe gari kwa mkono mmoja na kumtaka kila Jumamosi fedha ambayo barabara haiwezi kuitoa. Anayedaiwa kisichowezekana atakitafuta kwa kuua.

Enyi wazazi na wake. Kijana akinunua gari, jamaa wote wanaona tajiri amepatikana. Huyu anataka karo, yule anataka mabati, mwingine anataka harusi. Kusaidia jamaa ni ibada, lakini mwaka wa kwanza gari linalipa deni. Mwacheni apumue. Mwanamke anayemwambia mume wake asafiri mchana na kulala usiku, hata kama fedha itachelewa siku moja, amemfanyia mume wake jambo kubwa. Mtume (s.a.w.) alisema kwamba safari ni kipande cha adhabu, inamnyima mtu chakula chake na kinywaji chake na usingizi wake, na akamfundisha msafiri aharakishe kurudi kwa watu wake akimaliza haja. Basi ewe shofere, ukimaliza haja Kasumbalesa, rudi nyumbani. Parkingi ya mpaka ina pombe, ina uzinzi, ina maradhi ambayo utamletea mke wako asiye na kosa. Hiyo pia ni amana.

Na yule konvoyeri wako, usimsahau. Juzi ulikuwa yeye. Mtume (s.a.w.) aliagiza mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Mlipe safari ikiisha, usimwambie ngoja safari ijayo. Mlishe unachokula. Mfundishe kazi na mfundishe swala.

Juu ya swala yenyewe: anayesafiri kiasi cha kilomita 80 na zaidi, kwa hesabu ya wanazuoni wengi, ameruhusiwa kupunguza. Aendaye Likasi au Kolwezi kutoka Lubumbashi ameingia katika ruhusa hiyo tangu anapotoka nje ya mji. Adhuhuri, Alasiri na Isha ziwe rakaa mbili mbili. Magharibi na Alfajiri zinabaki kama zilivyo. Anaweza kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Swala ya Ijumaa si lazima kwa msafiri, ataswali Adhuhuri. Aliyekwama kwenye foleni ya mpaka bila kujua siku ya kuondoka ana hukumu yake, aulize kabla ya safari. Mungu amekupunguzia ili usiache. Kuwa na dumu moja la maji ya udhu na mkeka nyuma ya kiti. Na unapopanda, soma dua ya chombo iliyomo katika Sura ya az-Zukhruf, aya ya 13 na 14, inayotukumbusha kwamba sisi wenyewe hatukuwa na nguvu za kukitiisha chombo hiki, na kwamba kwa Mola wetu ndiko tunakorudi. Shofere anayekumbuka kila asubuhi kwamba atarudi kwa Mola wake, mguu wake unakuwa mwepesi juu ya mafuta.

Na Mungu akikufungulia, toa zaka. Gari la kazi lenyewe halitolewi zaka. Lakini fedha iliyopatikana kwalo, ikibaki mkononi mwako mwaka mzima wa kiislamu na kufika nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, toa mbili na nusu katika mia. Kuna yatima wa mashofere katika mitaa yetu. Waanzieni hao.

Enyi waja wa Mungu, mswalieni Mtume wenu. Ee Allah, mrehemu Muhammad na jamaa za Muhammad.

Ee Allah, wabariki vijana wetu wanaotafuta riziki barabarani. Wape mtaji wa halali na mizigo ya halali. Wakinge na riba, na pombe, na usingizi, na uzembe.

Ee Allah, warehemu waliokufa katika njia zetu, na wape subira waliobaki. Wasaidie wenye madeni kulipa madeni yao.

Ee Allah, ipe amani nchi yetu, mashariki yake na magharibi yake, na warudishe kwao waliokimbia vita. Tupe hapa duniani mema na Akhera mema, na utuepushe na adhabu ya Moto.

Amin. Simameni tuswali, Mungu awarehemu.

(Ndugu, ukimaliza kusoma karatasi hii, mpe shofere mmoja unayemjua. Usiitupe chini, ina majina ya Mwenyezi Mungu.)